Mtoto Akiuliza Babu Amekwenda Wapi

Swali hili linanifikia kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mama wa Kiomboi anauliza amjibu nini binti wa miaka minne ambaye kila jioni bado anamwekea marehemu bibi yake kigoda mlangoni. Baba wa Ikungi anataka kujua kama mtoto wa darasa la kwanza apelekwe makaburini. Bibi wa Itigi ana mjukuu ambaye tangu wiki ya msiba hataki kulala taa ikizimwa.

Jibu langu fupi ni hili: mwambie ukweli, mapema, kwa maneno machache, kisha uwe tayari kuurudia mara nyingi kuliko unavyodhani. Yaliyobaki ni namna ya kufanya hivyo nyumba ikiwa imejaa watu na wewe mwenyewe ukiwa umechoka kulia. Nazungumzia watoto wa kati ya miaka 3 na 8 hivi. Wakubwa zaidi wana maswali mengine.

Nani aseme, na wakati gani

- Aseme mtu anayemlisha na kulala naye, si mgeni aliyeshuka na basi la Dodoma. Kama mama hawezi kuzungumza, shangazi au bibi aseme, mama akiwa amempakata.
- Aambiwe pembeni, nyuma ya nyumba au chini ya mti. Keti chini, macho yenu yawe sawa.
- Aambiwe kabla turubai halijafungwa. Mtoto akiona makochi yanatolewa nje na akina mama wanaingia na vilio, tayari anajua kuna jambo. Ukichelewa nusu saa, watoto wa jirani watamwambia, na watamwambia vibaya.

Maneno yenyewe

Wengi hukwama hapa, kwa hiyo naandika kama ninavyowaambia watu wamwambie mtoto:

"Mwanangu, nina habari ya huzuni. Babu amekufa. Alikuwa na ugonjwa mkubwa wa moyo, waganga wa hospitali wakajitahidi, lakini moyo ukasimama. Mtu akifa mwili wake haupumui tena, hauli, hausikii baridi wala maumivu. Babu hatarudi. Kesho tutamzika. Mimi nipo, na leo utalala na mimi."

Halafu nyamaza. Anaweza kulia. Anaweza kuuliza kama kesho kutakuwa na pilau. Anaweza kukimbia kucheza mpira wa makaratasi. Yote hayo ni kawaida, na mtoto anayekimbilia kucheza hajakosa adabu wala mapenzi. Atarudi na swali usiku, au baada ya wiki.

Utaniambia kwamba kusema mzee "amekufa" ni utovu wa adabu. Mbele za watu na kwenye tanzia sema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Mtoto wa miaka minne hazijui heshima hizo. Yeye anajua kuku alikufa. Mwambie neno hilo mara ya kwanza ili ajue ni jambo lile lile, na ukiisha kumwambia, endelea na "amefariki" kama wakubwa wengine.

Yafuatayo usimwambie, hata kama na wewe uliambiwa hivyo hivyo:

- *"Amelala."* Mtoto anayeambiwa hivi huanza kukataa kitanda, au anaamka usiku kumtikisa mama yake aone kama ataamka.
- *"Amesafiri."* Atangoja mabasi. Na siku ukienda mnadani atapiga kelele kama unayemtupa, kwa sababu kwake safari ni kitu kisicho na kurudi.
- *"Mungu amempenda zaidi yetu."* Mtoto mwerevu atafanya hesabu: nikiwa mwema, Mungu atanipenda na mimi.
- *"Aliumwa tu."* Wiki ijayo yeye ana mafua, au wewe una malaria. Taja ugonjwa kwa jina na useme kwamba haukuwa kama kikohozi chake.

Somo la bandani

Nyumba nyingi za mkoa huu wa Singida hazikosi kuku, na mdondo ukiingia hauachi banda salama. Ni msiba kwa mfuko wa mama, lakini ni nafasi ya kumfundisha mtoto kabla hajafiwa na mtu. Mwonyeshe kifaranga aliyekufa. Muulize: anapumua? Ukimwita anageuka? Mzikeni pamoja. Usimwache amshike kwa mikono mitupu, tumieni jembe au kijiti, kisha mnawe kwa sabuni. Usimfariji kwa haraka kwamba utamnunulia mwingine. Mwache ahuzunike siku hiyo.

Ila kuna mtego. Mtoto wetu ameona kuku na mbuzi wakichinjwa tangu anatambaa, na kwake kufa na kuchinjwa vinaweza kuwa kitu kimoja. Usishtuke akiuliza, "Babu alichinjwa na nani?" Si mtoto katili. Mjibu tu: hakuna aliyemchinja, alikuwa mgonjwa, moyo wake ukasimama.

Siku za msiba

Desturi ya kuwapeleka watoto wote kwa jirani mpaka mazishi yaishe naielewa. Nyumba ina vilio, sufuria kubwa ziko motoni, nani atamwangalia mtoto? Lakini anayeondolewa asubuhi babu yupo ndani na kurudishwa jioni babu hayupo, ameibiwa sehemu ya habari, na pengo hilo atalijaza mwenyewe kwa mambo ya kutisha kuliko kaburi. Mpeleke kwa jirani kwa saa chache akachezee huko, ale, alale. Asikose yote.

*Mpe mtoto mtu wake.* Chagua mtu mzima mmoja, mama mdogo au binamu mkubwa, ambaye kazi yake siku hiyo ni mtoto huyo tu. Asiwe mpishi, asiwe mfiwa mkuu. Akiona mtoto amechoka au ameogopa, wanaondoka bila kuomba ruhusa kwa mtu.

*Mweleze atakachokiona kabla hajakiona.* "Kutakuwa na watu wengi. Wengine watalia kwa sauti, wengine wataanguka chini. Wana huzuni, hawagombani. Babu atakuwa ndani ya sanduku linaloitwa jeneza." Mtoto wa Kiislamu mweleze habari ya sanda na jeneza la kubebea mabegani. Kwa Waislamu mazishi hayakawizwi, kwa hiyo mazungumzo yenu nayo yasikawizwe. Mtu akifa alfajiri huenda alasiri ameshazikwa.

*Kuaga mwili.* Muulize mtoto anataka au hataki, na jibu lake liheshimiwe na kila shangazi aliyepo. Akitaka, mwambie kwanza: uso unaweza kuwa umebadilika rangi, huenda kuna pamba puani, na ngozi ni ya baridi. Mpitishe haraka, mkono wako ukiwa begani kwake. Usimnyanyue juu ya jeneza. Usimlazimishe kugusa wala kubusu. Hilo la kulazimishwa nimelisikia kwa watu wazima wa miaka hamsini ambao bado wanaliota.

*Kaburini.* Sehemu kubwa ya Singida ni mawe, na wachimbaji hutumia mitaimbo. Udongo ukianza kurudishwa, mlio wa mawe juu ya mbao unamshtua hata mkubwa. Msimame hatua kadhaa nyuma na umkumbushe kwamba mwili wa babu hausikii maumivu. Akitaka kutupa gao la udongo, atupe. Kama kwenu wanawake na watoto hawaendi makaburini siku ya mazishi, hakuna ubaya. Baba au mjomba ampeleke baada ya siku chache, aone mahali penyewe kwa macho yake.

*Watani.* Hili halimo katika vitabu vya malezi vya wageni, nasi hatulifikirii kwa sababu tumelizoea. Mtani anaweza kuvaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akakohoa kama yeye, akalala kaburini akizuia mazishi mpaka apewe chochote. Watu wazima wanacheka na mioyo inapoa, na mimi ni shabiki mkubwa wa utani. Lakini mtoto wa miaka minne uliyemwambia asubuhi kwamba babu hatarudi, mchana anamwona babu anatembea uani! Mwambie mapema: "Yule ni mtani wetu, anaigiza ili tucheke. Si babu." Mchezo ukiisha, mwombe mtani mwenyewe avue koti mbele ya mtoto na amsalimie kwa jina lake. Watani ni watu wazuri, hawatakataa.

*Mtoto mwenye jina la marehemu.* Tuseme babu alikuwa Hamisi, na mjukuu ni Hamisi. Siku tatu mtoto anasikia vilio vya "Hamisi umetuacha!" na tanzia ya "Hamisi hatunaye". Watu wanamkumbatia wakisema, "Wewe sasa ndiye babu." Kwao ni faraja, kwake ni kama hukumu. Mketishe umweleze waziwazi: "Jina lenu ni moja, lakini nyinyi ni watu wawili. Babu amekufa. Wewe u hai, na kuwa na jina lake hakukufanyi ufe." Waambie wakubwa pia, maana wao ndio wataendelea kumwita babu.

Na wakianza kucheza "kuzika", wakamfunika mdoli kwa kanga na mmoja akajifanya shehe au mchungaji, usiwachape. Ndivyo wanavyolielewa jambo. Sikiliza kwa mbali, kwa sababu humo humo utasikia kile wanachokiogopa.

Hofu za usiku, na za mchana

*"Na wewe utakufa?"* Swali hili litakuja, mara nyingi mnapokula au mkiwa njiani, wakati hukulitarajia. Usiseme "hapana, kamwe", ni uongo. Usiseme "sote tutakufa" ukaishia hapo. Sema: "Watu wote hufa siku moja. Mimi ninategemea kuishi muda mrefu, nikuone umekuwa mkubwa. Na lolote likitokea, mama mdogo na bibi watakutunza." Mtoto anauliza habari ya kifo, lakini nyuma yake kuna swali la nani atampa uji asubuhi. Mjibu na hilo.

*"Ni mimi?"* Mara nyingi hatasema kwa mdomo. Alimnunia bibi, alikataa kumletea maji, alisema "sikupendi", na siku ya tatu bibi akafa. Usingoje aulize. Mwambie hata kama huoni dalili: "Hakuna ulichosema, ulichofanya wala ulichofikiri kilichomuua bibi."

*Kaburi lililo nyumbani.* Vijijini wengi tunazika kwenye eneo la familia, na mtoto hupita hapo akienda chooni. Nendeni mchana mkafagie, mkae kidogo, mrudi. Usiku msindikize kwa tochi au mpe kopo chumbani kwa wiki kadhaa bila kumcheka.

*Friji.* Kasikia watu wakisema mwili uko kwenye friji mochwari. Sasa haendi karibu na friji ya duka la soda. Mweleze kwamba hospitali wana chumba baridi cha kutunzia miili tu, na si ile friji ya soda.

*Kukojoa kitandani, kunyonya kidole, kung'ang'ania kanga ya mama.* Hurudi baada ya msiba hata kwa mtoto aliyekwisha kuacha. Fua shuka, nyamaza. Fimbo hapa inaongeza tatizo lenyewe.

*Mchawi.* Hapa kosa si la mtoto, ni letu. Tunakaa kwenye mkeka tunanong'ona kwamba kifo hiki "kina mkono wa mtu", tukidhani mtoto aliyelala pajani hasikii. Kesho yake anamkimbia bibi wa jirani, bibi ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka arobaini na hana kosa lolote. Mazungumzo hayo kama hamwezi kuyaacha, yapelekeni mbali na watoto.

Na acheni kuwatisha. "Usiponyamaza marehemu atakuja kukuchukua" ni sentensi ya sekunde mbili inayomnyima mtoto usingizi wa miezi. Mkoa huu una historia yake ya hofu: miaka ya 1940 watu wengi waliuawa huku kwetu katika vifo vilivyohusishwa na "watu simba", na vitisho vya namna hiyo vinaweza kuishi midomoni mwa wazee muda mrefu baada ya mauaji kwisha. Mzee anayewasimulia wajukuu habari hizo awasimulie mchana, mwezi mwingine, si wiki ya msiba.

Vipi kuhusu Mungu na mbinguni?

Mnaniuliza kama nasema dini iachwe. Hapana. Nasema mwili kwanza, imani baadaye. Mtoto akiambiwa kwanza kwamba bibi yuko mbinguni, halafu akaona anateremshwa shimoni, anachanganyikiwa: juu au chini? Mweleze kwamba mwili umekufa, unazikwa ardhini, haumuumi. Akishalishika hilo, mwambie mnavyoamini kuhusu roho, kama mnavyofundishwa kanisani au msikitini kwenu. Na kama kuna jambo hulijui, sema hulijui. Usitumie moto wa jehanamu kumfanya mfiwa wa miaka sita awe mtiifu.

Vifo vya redioni

Si lazima afe ndugu. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Mtoto anayepanda gari la shule akisikia habari ya namna hiyo, gari lile lile la kila siku linaweza kumtisha. Machi 2021 alipofariki Rais John Magufuli, nchi nzima ilikaa siku nyingi kwenye maombolezo, na wadogo wakauliza kama Rais naye hufa, na nani sasa anatulinda.

Zima televisheni inaporudia picha zile zile, kwa sababu mdogo anaweza kudhani basi limeanguka tena na tena. Muulize anachokijua kabla hujaeleza. Mwambie nani anahusika na usalama wake: dereva wake, mwalimu, wewe. Video za ajali za WhatsApp zisifike mkononi mwake kabisa.

Baada ya kuanua matanga

Wageni wakiondoka ndipo mtoto anaanza kuelewa. Na ndipo hutokea jambo ambalo mimi naliona baya kuliko mazishi: kikao cha ukoo kinagawa watoto. Huyu aende kwa baba mkubwa Manyoni, yule kwa shangazi Mwanza, mdogo abaki na bibi. Asubuhi mtoto anavalishwa viatu na kupakiwa kwenye basi. Amepoteza mama, sasa kwa siku moja anapoteza ndugu, kitanda na shule.

Kama uko kwenye kikao hicho, simamia haya:

- Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe ikiwezekana kwa namna yoyote. Shamba linagawanyika, watoto hawa bora walelewe pamoja hata kwa nyumba yenye shida.
- Kama kuhama hakukwepeki, asubiri muhula uishe, aambiwe mapema, na aende na kitu cha mzazi: kanga, kofia, picha.
- Mali ya mzazi ni ya kumlelea pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake. Chukueni cheti cha kifo mapema, maana kitahitajika.

Shuleni, mtu aende kwa mwalimu wa darasa siku mtoto anaporudi. Aombe mambo mawili: asichapwe kwa kusinzia au kusahau daftari wiki za mwanzo, na asisimamishwe mbele ya wenzake kuambiwa "mlete baba yako".

Kumbukumbu nazo zitunzwe. Uganda, akina mama wenye VVU wa chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: mama alizaliwa wapi, alipenda nini, mtoto alitembea lini, ukoo ni upi. Huhitaji mradi kufanya hivyo. Daftari la kurasa 48 linatosha. Babu na mama wadogo waandike, mtoto achore. Mjane mwenye huzuni asiharakishwe, lakini asichome nguo zote na picha zote kwa uchungu wa wiki ya kwanza. Weka chache kwenye sanduku kwa ajili ya mtoto.

Wengi mnaogopa kulia mbele ya watoto. Lieni. Mwambie tu, "Nalia kwa kuwa namkumbuka baba yako. Nitatulia, kisha tutapika." Halafu kweli mpike. Mtoto hawezi kujua kwamba kilio kina mwisho mpaka aone kimekwisha.

Lini utafute msaada

Huzuni ya mtoto huja na kuondoka, na inaweza kurudi Idi, Krismasi au siku ya kufunga shule. Hiyo ivumilie. Usivumilie haya:

- Anasema anataka kumfuata marehemu. Mara nyingi mdogo ana maana ya kumtembelea, lakini muulize kwa upole, "Utamfuata vipi?" Akitaja namna, kama kisima au sumu ya panya, usimwache peke yake na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.
- Hali au halali sawasawa kwa wiki kadhaa, anakonda.
- Amenyamaza kabisa, hachezi na mtu, mwezi baada ya mwezi.
- Alishuhudia kifo chenyewe, ajali au ukatili, na anakirudia kwenye ndoto na michezo bila kupoa.
- Alikohamia anapigwa, ananyimwa chakula au shule, au anaguswa vibaya.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Watakuelekeza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ikihitajika, na kwa tatizo zito zaidi kuna Hospitali ya Mirembe pale Dodoma. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haitozwi pesa, na mtoto mwenyewe, jirani au mwalimu anaweza kuipiga. Kabla hujapiga au kwenda, andika kwenye karatasi: umri wa mtoto, nani alifariki na lini, mtoto aliambiwa nini, na kilichobadilika tangu siku hiyo. Hilo la tatu usilifiche hata kama aliambiwa kwamba baba amesafiri. Mhudumu anahitaji kujua pa kuanzia.